Mizizi Iliyokatwa Vipande

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita tulisimama mahali pabaya. Ilikuwa mchana wa Jumamosi, gatini, mbele ya banda la kukaushia mizizi. Magunia kumi na moja yalikuwa yamepangwa chini. Familia tisa za kijiji cha Vesela zilikuwa zimeyazunguka. Na Bwana Pruitt, mnunuzi kutoka Virginia, alikuwa amezamisha mkono wake ndani ya gunia la kwanza.

Mkono huo tumeuacha ndani ya gunia siku saba. Sasa tuutoe.

Ulitoka na uzi. Katika uzi huo vipande vya mzizi wa dawa uitwao jinsengi, vyembamba kama kucha, vilikuwa vimetungwa kama shanga.

Pruitt aliuinua uzi juani, akautazama, kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Nani amewafundisha hivi?"

Hakuna aliyewafundisha. Kwao Bohemia, huko Ulaya, kila mtu alijua la kufanya na kitu kilichochimbwa msituni: unakiosha, unakikata vipande, unakitunga kwenye uzi na kukitundika juu ya jiko. Hivyo ndivyo mama zao walivyokausha uyoga, na mama za mama zao. Basi jinsengi nayo waliikata.

"Mchina hanunui vipande," alisema Pruitt. "Anataka mzizi mzima. Uwe na shingo, uwe na miguu, ukae kama mtu mdogo. Ninyi huyu mtu mmemchinja! Na magunia haya mengine?"

"Yote yako hivyo," alisema Rozalie Vondra.

"Basi yote ni takataka."

Maneno hayo yaliwaangukia watu kama paa. Ulikuwa mwaka 1859. Jimbo la Minnesota lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na tangu benki zianguke, miaka miwili nyuma, lilikuwa likikua bila pesa kama mtoto anayelelewa bila maziwa. Reli iliyoahidiwa iliishia kwenye ramani. Noti za benki hizo watu wa Vesela walizibia nyufa za kuta. Kiangazi hicho ndipo Pruitt alipokuja kutafuta mzizi unaoota bure msituni, na kwa wiki sita kijiji kizima kilitembea kimeinama. Mizizi ile ndiyo ingekuwa unga wa majira ya baridi. Ndiyo ingekuwa chumvi.

"Haya," ilisema sauti nzito nyuma. "Tumeona wote."

Alikuwa Hynek Sladek, mtu mwenye gari la maksai kubwa kuliko yote kijijini, na sauti kubwa vilevile. Tangu Juni alikuwa akiwashawishi majirani wahame, warudi mjini, wakatafute kazi za viwandani. Rozalie ndiye aliyewaomba wasubiri siku ya mauzo. Alikuwa mjane. Mume wake, Vojta, aliuawa na tawi la mti aliokuwa akiukata. Mjane anaweza kushika shamba msituni akiwa na majirani. Akibaki peke yake, msitu ndio unaomshika yeye.

"Mlisema tungoje, tumengoja," Hynek aliendelea. "Jumatatu magari yanaondoka. Dada Rozalie, nafasi yako ipo. Kaa mbele na mke wangu, mtapiga soga njia nzima."

"Mkeo hajawahi kumaliza sentensi ukiwapo," alisema bibi mmoja mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani. "Hiyo soga wataipigia wapi?"

Huyo ni Apolena Blaha. Alikuwa na miaka sabini na meno manne, na yote manne aliyatumia kusema.

Watu walicheka kidogo. Macho yakamgeukia Rozalie.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia mkate. Nilisema vipande hukauka upesi. Msimlaumu mwingine."

Shemeji yake, Matous, mdogo wa marehemu Vojta, alitazama viatu vyake. "Nilikuuliza, Rozalie. Nilikuuliza kama una hakika."

"Uliniuliza, shemeji. Nikakwambia nina hakika. Haya, umeridhika?"

Pruitt aliokota kofia. Ghafla alikuwa mtu mwenye huruma.

"Jamani, mimi si mnyama. Mkirudi na mzigo huu mtajichosha bure. Uacheni hapa, nitauchoma mwenyewe. Na kwa ajili ya taabu yenu, chukueni gunia moja la chumvi. Mgawane."

"Chumvi ni chumvi," alisema Hynek haraka. "Tuchukue, twende."

Wafanyakazi wawili wa Pruitt walikuwa wameshaanza kubeba. Rozalie aliwatazama. Hawakupeleka magunia kwenye shimo la majivu. Waliyaingiza bandani. Walitandika mbao kwanza, wakayalaza juu yake moja moja, taratibu, kama watu wanaolaza watoto.

"Bwana Pruitt. Mbao za nini?"

"Zipi?"

"Hizo chini ya takataka zako. Unaogopa zitapata mafua?"

"Ni utaratibu wa banda, mama."

"Aha."

Rozalie aliingia bandani moja kwa moja, akapita kati ya wafanyakazi, akafika kwenye tanuri la kukaushia. Akachukua koleo. Akatoka na kaa la moto, jekundu, linatoa cheche, akasimama juu ya gunia lililobaki mlangoni.

"Unasema utachoma. Kwa nini tukupe kazi? Takataka zetu, moto wetu. Bi Apolena, sogeza sketi yako."

"Choma, mwanangu! Tuote hata moto, maana unga hatuna!"

"Rozalie, umepata wazimu?" alifoka Hynek.

Kaa lilishuka. Likagusa ukingo wa gunia. Moshi mwembamba ukapanda.

"Usichome!"

Pruitt aliruka. Alilipiga teke lile kaa, akalikanyaga, akapiga magoti na kuuzima moshi kwa kofia yake mwenyewe, ile nzuri, ya kijivu. Alipoinua uso, watu kumi na saba walikuwa wakimtazama.



"Loh!" alisema Apolena. "Leo takataka zimepata baba."

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa cha kwanza cha kweli tangu masika. Rozalie hakucheka. Aliketi juu ya gunia, akakunja mikono.

"Sema kweli, bwana. Vipande vina thamani gani?"

Pruitt alipangusa magoti. "Vinasagwa. Vinauzwa unga wa dawa. Thamani yake ni theluthi ya mzizi mzima, basi. Nitawapa noti za..."

"Noti hatutaki. Kuta zetu zimekwisha kuzibwa. Ndani ya boti yako ya mvuke pale mtoni kuna unga na kuna chumvi, nimeona vikipakiwa. Tunataka unga na chumvi vya kuzitosha familia tisa mpaka theluji iyeyuke."

"Kwa vipande? Kamwe!" Alifikiri kidogo, akamtupia Hynek jicho, akageuka. Jicho hilo Rozalie aliliona, lakini wakati huo hakulielewa. "Sikiliza. Niletee magunia matatu ya mizizi mizima, mibichi, kabla ya boti kuondoka Jumatatu adhuhuri. Ukiyaleta, unga na chumvi ni vyenu, na vipande navichukua. Ukishindwa, magunia haya kumi na moja ni yangu kwa lile gunia moja la chumvi. Umekubali?"

"Msitu wote umechimbwa," alisema Hynek. "Matatu utayatoa wapi, mfukoni?"

Rozalie alijua atakakoyatoa.

Palikuwa na bonde moja juu ya ziwa, limefichwa na vichaka nyuma ya mti mkubwa wa elmu uliomuua Vojta. Jinsengi iliota pale kama kabichi bustanini. Hakuligusa bonde hilo hata siku moja. Alitaka matunda mekundu ya jinsengi yaanguke kwanza, mbegu zishike udongo, ili mwaka ujao na mwaka wa tatu wawe na cha kuchimba. Aliyelijua pamoja naye alikuwa mtu mmoja tu: Matous, aliyemsaidia kuutoa mwili.

"Nimekubali," alisema.

Hynek aliinua mabega. "Nitangoja mpaka Jumatatu adhuhuri. Si dakika zaidi."

Magunia kumi na moja yalirudishwa nje. Mzee Blaha, mume wa Apolena, aliachwa ameketi juu yake na kiko chake mdomoni. Mke wake alimwambia asiinuke hata akiitwa na Mungu.

* * *

Jumapili asubuhi sala ilikuwa fupi. Vesela haikuwa na padri, hivyo rozari iliongozwa na Apolena, na siku hiyo aliisema kama mtu anayefukuza kuku. Jua lilikuwa bado chini walipoondoka wote na majembe na vikapu. Hynek peke yake hakuonekana hata kwenye sala. Alikuwa ametuma neno alfajiri kwamba maksai wake mmoja anachechemea, atafuata baadaye na gari.

Matous alitembea mwisho wa msafara. Mara mbili Rozalie aligeuka kumwita, na mara mbili alisema kiatu kinambana.

Walipanda. Wakafika ukingo wa bonde. Rozalie alitenga matawi kwa mkono.

Bonde lilikuwa limechimbwa lote.

Mashimo yalienea kutoka ukingo mpaka ukingo. Udongo ulikuwa bado mbichi. Mashina yalikuwa yametupwa ovyo, na matunda mekundu, yale aliyoyangojea miaka miwili, yamekanyagwa matopeni.

Mwanamke mmoja alikaa chini na kuweka kikapu kichwani kama kofia, asionekane akilia.

Rozalie alishuka bondeni. Katikati ya mashimo kitu kiling'aa. Aliinama, akakiokota. Kilikuwa kisu kidogo cha kukatia uyoga, chenye mpini wa pembe. Vojta alitengeneza visu viwili tu vya namna hiyo. Kimoja kilikuwa ndani ya aproni ya Rozalie wakati ule.

Alipanda polepole. Alimpita kila mtu mpaka alipofika kwa yule wa mwisho.

"Shemeji. Umedondosha kisu chako."

Matous alikipokea.

"Alisema watu wataondoka tu, hata ukiuza," alisema kwa sauti ndogo. "Alisema ni heri mmoja wetu apate kitu kuliko wote tukose. Nikamtajia bonde kabla ya mauzo; jana, mara tulipotoka gatini, nikamleta hapa. Tumechimba mpaka jua limezama."

"Nani alisema?"

"Hynek. Pruitt amemwahidi uwakala. Atanunua mizizi kaunti nzima, na nyumba atapewa. Mimi nikaahidiwa kazi ya kupima. Magunia manne, Rozalie. Yako garini mwake."

Apolena alimtemea mate kiatuni. "Kumbe ndiyo maana kinakubana!"

Rozalie sasa alilielewa lile jicho la jana. Pruitt aliweka sharti la mizizi mizima akiwa amekwisha kujua nani atampa hiyo mizizi. Wao wakishindwa, angepata vyote viwili: mizizi mizima kwa Hynek, na vipande kwa gunia moja la chumvi. Na Vesela ingepakiwa kwenye magari na kufutwa.

Ndipo waliposikia.

Ng'ambo ya ziwa, magurudumu yalikuwa yakigonga juu ya barabara iliyotandikwa magogo. Du-du-du-du. Gari moja, zito, la maksai wasiochechemea hata kidogo. Hynek alidhani sala itakuwa ndefu kama kawaida. Alidhani atapita wakati watu bado wamepiga magoti.

Barabara ya gatini ilikuwa moja tu. Ilizunguka ziwa, ikapita hapo chini ya bonde, chini ya ule mti wa elmu.

Rozalie aliutazama mti. Ulikuwa bado umesimama na jeraha lake, umekatwa nusu, vile Vojta alivyouacha. Kwa miaka miwili hakuna mtu wa Vesela aliyethubutu kuugusa kwa shoka. Wengine walipopita chini yake walifanya ishara ya msalaba.

"Matous. Una shoka?"

Alielewa. Akawa mweupe. "Rozalie, si huu."

"Huu huu. Kaka yako aliuanza. Wewe utaumaliza. Leo hakuna mtu anayeondoka Vesela na mali ya Vesela."

Matous alivua koti. Pigo la kwanza lilikuwa la mtu mwoga. La pili lilikuwa la mtu mwenye hasira. Baada ya hapo mwanamume mwingine alishika upande wa pili, na vipande vya mti vikaruka kama kware. Magurudumu yalikaribia. Du-du-du. Mti uliguna. Apolena aliwasukuma watu nyuma kwa fimbo yake.

Ulianguka wakati pembe za maksai zilipotokea kwenye kona. Ulilala barabara nzima, kutoka mwamba hadi majini, na ardhi ikatikisika mpaka bata wote wa ziwa wakaruka.

Maksai walisimama. Hynek karibu aanguke kutoka kitini.

Matawi yalipotulia, alimwona mwanamke ameketi juu ya shina, aproni yake imejaa vumbi la mbao.

"Habari za asubuhi, Hynek. Maksai amepona?"

"Ondoka hapo, Rozalie."

"Shusha magunia manne kwanza."

"Nimeyachimba kwa jasho langu!"

"Na la Matous. Na kwa siri yangu. Na pale alipofia mume wangu, karibu nisahau."

Hynek alinyoosha mkono chini ya kiti. Alipouinua ulikuwa na bunduki ya kuwindia. Mdomo wake ulimwelekea Rozalie kifuani.

"Sina ugomvi na wewe, dada. Nina mke, nina watoto. Nchi hii imekufa. Wewe peke yako ndiye usiyetaka kuizika."

Rozalie hakusogea. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kawaida, kama anayeongea na mtu dukani.

"Tumekula magome ya mti, Hynek. Tumekunywa shayiri iliyoungua tukaiita kahawa. Wewe ulikuwepo, ulikunywa na sisi, na ulituchekesha. Benki zimekufa, ni kweli. Sisi tuko hapa."

Kulikuwa na mkwaruzo nyuma yake. Apolena alikuwa akiukwea mti kwa shida, akilaani goti lake. Aliketi kando ya Rozalie.

"Mti umelowa," alilalamika. "Haya, Hynek. Bunduki yako ina risasi moja. Anza na mimi, nimechoka na supu ya uyoga."

Kisha akaja mwanamke wa kikapu. Kisha mumewe. Mmoja mmoja walipanda, wakaketi, mpaka shina lote likawa limejaa watu kama benchi la kanisa. Wa mwisho alikuwa Matous, na alikaa mbele kabisa ya mdomo wa bunduki, shoka magotini.

Mdomo wa bunduki ulishuka inchi moja. Ukashuka ya pili.

Hapo ndipo boti ilipopiga filimbi.

Ilitoka mbali, upande wa gatini. Mara moja. Watu walitazamana. Mara ya pili. Rozalie alishika mkono wa Apolena. Mara ya tatu.

Filimbi tatu ni za kuondoka.

"Leo Jumapili!" mtu alisema. "Alisema Jumatatu!"

"Maji ya mto yameshuka usiku," alisema Matous. "Nahodha haogopi Pruitt. Anaogopa kukwama mchangani."

Uso wa Hynek ulibadilika. Alianza kutabasamu, na bunduki ikapanda tena mahali pake.

"Mmesikia? Ule ni unga wenu, unaondoka. Baada ya filimbi ya tatu huwangoja abiria nusu saa, basi. Gari langu lingefika. Sasa toa mti wako, Rozalie. Haya, utoe!"

Rozalie aliutazama ule mti. Ulikuwa mnene kuliko pipa. Kuukata kungewachukua mpaka jioni. Barabara moja tu ya kufika kwenye unga ilikuwa imefungwa, na aliyeifunga alikuwa yeye.

"Haya, mwanangu," Apolena alinong'ona. "Na sasa?"

Rozalie alishuka kutoka kwenye shina. Alitembea kuelekea garini. Bunduki ilimfuata hatua kwa hatua, na yeye akaupita mdomo wake kwa karibu kiasi cha kunusa baruti. Alifika nyuma ya gari. Alilivuta gunia la kwanza, akaliinamia, akalitupa begani. Lilikuwa zito kama mtu mzima.

"Gari halipiti," alisema. "Sisi tunapita."

Matous alikwisha kushika la pili. Mikono mingine ilishika la tatu na la nne.

"Nitapiga!" alipiga kelele Hynek. "Rozalie! Haki ya Mungu nitapiga!"

Rozalie aliukwea mti na mzigo wake, akavuka, akatua upande wa pili, upande wa gatini. Maili mbili za magogo zilikuwa mbele yake. Mgongo wake wote ulikuwa wazi.

Nyuma yake alisikia mtambo wa bunduki ukivutwa.

Hakugeuka. Alianza kukimbia.